Boriti au jasi? Dari za zamani zaamsha soko kwenye barabara ya Kilwa

KIBITI - Mfanyabiashara mwenye duka Kibiti mjini hahitaji kwenda Dar es Salaam kujua habari za soko la dari. Barabara kuu ya kutoka Mtwara na Lindi inapita mbele ya duka lake. Malori kutoka Kilwa hupita yamesheheni jasi, mawe meupe yanayochimbwa maeneo ya Makangaga na Kiranjeranje, kwenda kwenye viwanda vya saruji na vya bodi za dari. Upande wa mashariki, kwenye vijiji vya delta ya Rufiji kama vile Salale na Mbwera, ndiko zinakotoka boriti za mikoko, ambazo zilibeba dari za pwani kwa karne nyingi kabla mtu yeyote hapa hajasikia neno silingi bodi.

Bidhaa hizi mbili hukutana kila mwenye nyumba ya zamani anapoamua kukarabati. Chumba kina dari nyeusi kwa moshi, boriti zinaonekana moja moja, chokaa inadondoka kitandani. Kijana aliyerudi kutoka mjini anasema nyumba imepitwa na wakati. Fundi anakuja na jibu jepesi: pigilia fremu ya mbao za 2 kwa 2 chini ya boriti, weka jipsam, piga rangi nyeupe, kazi imekwisha kwa siku mbili tatu. Hapo ndipo fedha nyingi za ukarabati zinapopotea, na anayeuza vifaa hivyo anafaa kuelewa ni kwa nini.

Tuchukue chumba cha kawaida cha nyumba ya mawe, urefu mita 6 na upana mita 2.7. Fundi akiacha sentimita 30 kutoka boriti hadi boriti, atahitaji boriti 19. Kwa kuwa boriti huuzwa kwa korija, yaani 20, chumba kimoja kinakula korija moja na kubakiza moja ya akiba. Dari hiyo hiyo ina eneo la mita za mraba 16.2. Bodi ya jasi ya mita 1.2 kwa 2.4 inafunika mita za mraba 2.88, kwa hiyo bodi 6 zinatosha na kipande kinabaki. Ukiweka bei ya korija kando ya bei ya bodi 6 pamoja na mbao, misumari, tepu na unga wa kuzibia, unadhani umepata mlinganisho. Hujapata. Boriti imebeba sakafu ya juu au paa la chokaa lenye uzito wa mawe. Bodi haibebi chochote, na hata yenyewe inahitaji kubebwa.

Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu na miji mingine ya mwambao, ncha za boriti huingia ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe. Juu yake hupangwa mawe, kisha chokaa. Paa likivuja, maji hushuka ukutani na kukaa kwenye ncha hizo, mahali ambapo jicho halifiki. Katikati ya boriti pataonekana pazima kabisa huku ncha imekuwa unga. Mwenye nyumba aliyefunika dari kwa bodi amejinyima nafasi ya kuona boriti inayoanza kukunjika au chokaa inayopasuka. Atakachokiona ni doa la rangi ya chai kwenye bodi, na wakati huo huenda umechelewa. Ukuta ukiwa umepigwa lipu ya saruji badala ya chokaa hali huwa mbaya zaidi, maana saruji huzuia unyevu kutoka.

Fundi anayejua kazi yake huanza kwa nyundo na bisibisi. Anagonga boriti karibu na ukuta na kusikiliza, kisha anachoma. Zilizooza anazibadilisha moja baada ya nyingine huku dari imeegemezwa kwa nguzo za muda, na paa linazibwa kwanza. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Mwisho wake boriti husuguliwa, hupakwa mafuta au rangi, na dari inabaki wazi. Jambo la kuchekesha ni kwamba hoteli za pwani hulipia sana sura hiyo hiyo ambayo mwenye nyumba anaionea aibu. Nyingine hutengeneza boriti za bandia kwa plaiwudi.

Upana wa vyumba vya zamani una maelezo yake msituni. Boriti nzuri iliyonyooka haina urefu mkubwa, na lazima sehemu yake iingie ukutani pande zote mbili. Boriti ya mita 3 haifai chumba cha mita 3. Ndiyo maana nyumba za Lamu na Unguja, na zile za zamani za Kuwait na Bahrain ambako boriti hizi huitwa chandal, zina vyumba virefu vyembamba.

Biashara hiyo ya Ghuba ilikuwa kubwa. Majahazi yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, aliingia delta ya Rufiji ndani ya jahazi la Kuwait lililokuja kuchukua boriti, na aliandika safari hiyo katika kitabu chake "Sons of Sinbad" cha mwaka 1940. Ni delta hiyo hiyo ambamo manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilimalizwa mwaka 1915. Fedha za mafuta zilipoleta saruji na nondo katika Ghuba, soko la boriti likasinyaa. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, na Tanzania ilisimamisha ukataji wa mikoko mwaka 1987 kabla ya kuandaa mpango wa usimamizi mwaka 1991. Hesabu za wakati huo zilionyesha kuwa delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 53,000 za mikoko, zaidi ya eneo lingine lolote moja la Afrika Mashariki.

Kwa mnunuzi, neno "boriti" peke yake halitoshi. Kwa vipimo vya Lamu, fiti hiyo nyembamba iitwayo fito haifiki sentimita 4, pau huenda hadi karibu 8, mazio hadi 11, boriti yenyewe ni 11.5 hadi 13.5, na nguzo huanzia 14. Majina na vipimo hubadilika kidogo kutoka bandari hadi bandari, kwa hiyo mwenye busara hupima kwa kamba kabla ya kuhesabu korija. Aina nayo ina maana. Mkoko na msinzi hutoa miti mizito iliyonyooka, isiyopendwa sana na mchwa. Mchu hupindapinda na haufai kazi hii.

Kuna dari nyingine ya zamani ambayo si ya kuchezea. Ulaya na Marekani, nyumba za kati ya karne iliyopita zilipakwa dari zenye vinundu, na mara nyingi mchanganyiko wake ulikuwa na asbestosi. Uingereza ilipiga marufuku asbestosi ya mwisho mwaka 1999. Wenye nyumba huko sasa hulipia kupima kabla ya kukwangua. Hapa kwetu vinundu vya namna hiyo ni vichache, lakini mabati na bodi za asbestosi zilitumika kwenye nyumba za mashirika, shule na ofisi. Kijana anayezivunja kwa nyundo na kuzikata kwa msumeno mkavu anavuta vumbi linaloleta saratani miaka mingi baadaye. Duka linalouza bodi mpya lisikubali kupokea za aina hiyo kama mali iliyotumika, hata zikitolewa bure.

Nyumba nyingi za Kibiti, Bungu na Ikwiriri hazina boriti za dari. Ni matofali na bati, na bati la mchana hupika chumba. Hapo bodi ya jasi ina kazi ya haki: inapunguza joto na kelele za mvua. Adui yake ni maji. Mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti, na kimbunga Hidaya kilichofika Mafia mwezi Mei mwaka huo, viliwakumbusha watu kwamba paa likiachia msumari mmoja, bodi hulowa, hulegea na kuanguka kipande kizima. Anayehifadhi bodi dukani azipange juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Kingo zikilowa mteja atazikataa.

Mtaji mdogo unaotaka kuingia kwenye boriti una hatari ya namna yake. Mikoko ni msitu wa hifadhi. Chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, uvunaji unahitaji leseni na mzigo unahitaji hati ya kusafirishia. Korija iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa ufukweni usiku, bila karatasi, inaweza kuishia kwenye kizuizi cha maliasili kabla haijafika mjini, na mtaji wote ukaishia hapo. Mnunuzi aanzie ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) wilayani, aulize kama uvunaji umeruhusiwa msimu huo na kwenye eneo gani, ndipo azungumze na wakataji. Malipo ya awali yatolewe baada ya leseni kuonekana kwa macho, na jina lililo juu yake lilingane na la anayepokea fedha.