Kabla ya Kuulaumu Mkono, Kitazame Kinoo

Mwanachuo mwenzangu, kama umerithi wembe wa kukunja wa babu na kila ukiunoa unakwangua badala ya kunyoa, usiutupe. Kitazame kinoo kwanza.

Mimi nililijua hili nikiwa fildi Mikumi, wilayani Kilosa. Mzee aliyetupangisha chumba alikuwa na kinoo kimoja tu. Asubuhi panga la shamba, jioni kisu cha jikoni, Ijumaa wembe wake. Kwa miaka yote hiyo kinoo kimelika katikati mpaka kimekuwa kama mtumbwi. Siku moja akatoka bafuni na damu shavuni. "Mjukuu wangu," akasema, "mkono umezeeka. Sasa nitakuwa nanyolewa kama mtoto." Ilimuuma kuliko lile jeraha.

Kumbe mkono haukuwa na kosa. Wembe wa kukunja hulala kwenye kinoo kwa sehemu mbili kwa pamoja, mgongo na makali, na mgongo ndio unaopanga pembe. Kinoo kikiwa na bonde, ukiulaza wembe kwa kukikingama, kichwa na kitako ndivyo vinavyogusa kingo, katikati unaelea. Panga linavumilia hali hiyo. Wembe, hapana.

Mzee alitaka tuazime kinoo cha jirani tuvisugue viwili pamoja. Wazo zuri, lakini lina mtego: kimoja kinaweza kubaki na bonde na kingine kikaota mgongo, vikakutana barabara kabisa huku vyote vimepinda. Ili kupata ubapa wa kweli unahitaji vitatu, usugue cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, kisha cha tatu na cha kwanza, tena na tena. Cha tatu hakiwezi kulingana na bonde la kimoja na mgongo wa mwenzake kwa wakati mmoja. Katika karne ya 19 mhandisi wa Uingereza, Joseph Whitworth, aliitumia kanuni hiyohiyo kutengeneza mabamba bapa ya chuma.

Sisi vinoo vitatu hatukuwa navyo, na bumu lilikuwa limekata. Tukatumia kioo, maana kioo kinene cha dirisha kimeshanyooka kiwandani. Fanya hivi:

1. Weka kioo juu ya meza iliyotulia. Kimwagie maji, ulaze juu yake msasa wa maji namba 220, ule wa mafundi rangi za magari.
2. Chora mistari ya penseli kama nyavu juu ya kinoo.
3. Sugua kwa kuzungusha, bila kukandamiza upande mmoja. Maji yasikauke, vumbi la jiwe si zuri kwa mapafu.
4. Mistari ikifutika pembeni tu, bonde bado lipo. Suuza, chora upya, endelea mpaka yote ifutike kwa pamoja.
5. Lainisha kwa msasa namba 400, kisha 800. Vunja kidogo ncha kali za kingo zisije zikaumeza wembe.
6. Suuza vizuri, chembe moja ya msasa ikibaki itatoboa makali.

Na wembe ni wa mtu mmoja. Usichangie, hata na rafiki wa geto moja.

Ilituchukua karibu saa nzima. Ijumaa mzee akaingia bafuni, akatoka mkavu. Hakusema neno. Akaenda dukani, akarudi na kinoo kipya cha bei nafuu, akakiweka kando ya panga.

"Hiki cha shamba," akasema. "Kile msikiguse."