Ngazi tatu zinazokula wateja wako

Wajasiriamali wenzangu, leo tuongelee kitu ambacho wengi hatukipigii hesabu: mlango wa pale mteja anapochukulia mzigo.

Mimi niko Mutuka, hapa Babati mjini, nauza mashuka kwa simu. Sina fremu. Kwa hiyo duka langu ni ofisi ya basi au kibanda cha wakala. Kuna mteja wangu anatumia kiti mwendo. Alilipia vizuri, mzigo ukafika, lakini ofisi ilikuwa na ngazi tatu na mhudumu alikuwa peke yake. Ikabidi ampe kijana wa bodaboda 2,000 amchukulie. Akaniambia, "Dada, bei yako nzuri, ila ngazi zimeiongeza." Huyo haombi huruma. Ni mteja, anataka huduma aliyolipia.

Na si hisani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kufika na kutumia majengo na huduma za umma bila vikwazo. Ofisi, zahanati, soko, stendi, vyote vinahusika.

Sasa wewe muuzaji ufanye nini?

1. Kabla ya kutuma, uliza: "Nikutumie ofisi ipi ambayo ni rahisi kwako kufika?" Swali moja tu, kwa kila mteja. Usisubiri akuambie ana ulemavu.

2. Kama una fremu, weka mteremko. Kipimo ni hiki: kila sentimita 1 ya kimo, urefu sentimita 12. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Ukiufupisha, kiti kinaweza kupinduka kinyumenyume. Usiusakafie ukawa laini, mvua ikinyesha utateleza.

3. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 hivi, na usipange ndoo na maboksi njiani. Mteremko mzuri unaoishia kwenye kreti za soda haumsaidii mtu.

4. Usishike kiti cha mtu bila kumuuliza. Hata kama unasaidia.

Hili linawagusa pia wauzaji wenzetu wenye ulemavu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Lakini fomu na vikao viko ofisini. Kama ofisi iko ghorofani na hakuna njia ya kupanda, ile asilimia 2 ataifikiaje? Kwenye mkutano wa mtaa, tuulize hilo kwa sauti, sote, tusiwaachie wao peke yao.

Leo jioni chukua futi, pima kizingiti chako au cha wakala wako. Zidisha mara 12. Weka namba kwenye komenti, tusaidiane hesabu ya saruji na mchanga.