Hodi ya Simu: Tujue Tunayemkaribisha



Ndugu wasomaji, siku hizi yamekithiri malalamiko ya namna moja hapa Waa, na nimeyasikia pia Tiwi na Ng'ombeni. Mtu afungua simu atazame ujumbe wa mwanawe aliye Uarabuni, mara skrini yajaa matangazo asiyoyaita: kamari, mikopo, dawa za nguvu, na picha zisizofaa kutazamwa mbele ya watoto. Mwingine huonyeshwa onyo jekundu kwamba simu yake ina virusi, na kwamba asipobonyeza hapo chini picha zake zote zitapotea. Wapo waliokwenda hadi Ukunda kwa fundi, wakalipa, na matangazo yakarejea baada ya siku mbili.

Jambo hili lina sababu inayojulikana, na aghalabu dawa yake haihitaji fundi. Yahitaji tuelewe kwanza ni nani aliyeufungua mlango.

Adabu ya hodi

Suratun Nur yatufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, turudi. Mtume (S.A.W.) akatufundisha kwamba hodi ni mara tatu, na asiyejibiwa huondoka. Ndiyo maana nyumba zetu za pwani zina baraza: mgeni hukaa hapo, na wa ndani wakabaki na sitara yao.

Kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia tovuti, kama vile Chrome, Firefox au Opera, kimewekewa desturi inayofanana na hiyo. Tovuti haiwezi kukutumia arifa, wala kutumia kamera, wala kusoma mahali simu ilipo kwa setilaiti, mpaka iombe ruhusa. Hapo hutokea kijisanduku chenye majibu mawili: Ruhusu, au Zuia. Neno Ruhusu ndilo karibu yetu. Lakini mgeni wa nyumbani huaga akaenda zake, ilhali tovuti iliyokaribishwa haiagi. Idhini uliyoitoa kwa kidole kimoja yaweza kuendelea kufanya kazi mpaka uiondoe mwenyewe, hata kama umeufunga ukurasa ule na kuusahau kabisa.

Wenye hila walilijua hilo. Kijana atafuta mpira wa bure wa kutazama, mwanafunzi atafuta karatasi za mitihani ya zamani, mama atafuta qaswida ya kupakua. Ukurasa wafunguka, na maandishi yasema: bonyeza Ruhusu uthibitishe kuwa wewe ni binadamu. Mtu abonyeza akidhani afungua video, kumbe ametoa idhini ya kutumiwa arifa mchana na usiku.

Tujue ugonjwa kabla ya dawa

Matangazo haya hayatoki mlango mmoja. Yapo ya namna tatu, na kila moja ina dalili yake.

Ya kwanza ni dirisha linalojitokeza wakati umo ndani ya tovuti, likafunika ulichokuwa ukisoma. Uzushi huu ulianza miaka ya 1990. Mmarekani Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tripod, aliandika programu ya kufungua tangazo katika dirisha lake la pembeni, baada ya kampuni moja ya magari kukasirika kwamba tangazo lake limeonekana katika ukurasa wa mambo machafu. Mwaka 2014 aliandika katika jarida la The Atlantic akieleza kisa hicho na kuomba radhi. Vivinjari vya leo huzuia mengi ya madirisha hayo vyenyewe.

Ya pili ni arifa. Hii hushuka kutoka juu ya skrini hata ukiwa hujafungua tovuti yoyote, na ukiitazama vizuri utaona imeandikwa jina la kivinjari na anwani ya tovuti iliyoituma. Hapa mlango ni ile idhini tuliyoitaja.

Ya tatu hutoka katika programu uliyoiweka wewe mwenyewe ndani ya simu: tochi, kisafisha simu, au mapambo ya skrini. Dalili yake ni tangazo kuijaza skrini nzima wakati kivinjari kimefungwa, pengine mara tu unapoiwasha simu.

Dawa ya kila mlango

Nitaeleza kwa Chrome, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika simu nyingi za Android, na nitataja majina kama yaonekanavyo simu ikiwekwa kwa Kiswahili. Majina yaweza kupishana kidogo baina ya simu na simu.

Kwa arifa: fungua Chrome, gusa vidoti vitatu vilivyo juu pembeni, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utaona orodha ya tovuti ulizozikaribisha. Usiyoitambua, iguse, uchague Zuia. Ukitaka faraja kamili, zima kabisa uwezo wa tovuti kuomba kukutumia arifa. Ujumbe wa WhatsApp na simu za jamaa zitakufikia kama kawaida.

Kwa madirisha: rudi katika Mipangilio ya tovuti, tafuta Madirisha ibukizi, uhakikishe yamezuiwa.

Kwa programu: tangazo likitokea, gusa kitufe cha kuonyesha programu zilizo wazi. Aghalabu utaiona alama au jina la programu iliyolileta. Iondoe. Kisha fungua Play Store, gusa picha yako iliyo pembeni, chagua Play Protect, na uiamuru ikague simu. Tazama pia ni programu gani zilizopewa ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine; tochi haina haja ya ruhusa hiyo.

Ama lile onyo la virusi, tuliweke wazi: ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kuikagua simu yako ukajua ina virusi. Onyo hilo ni tangazo lililovishwa nguo za askari. Usibonyeze chochote ndani yake, hata palipoandikwa Funga, kwa kuwa pengine pote hapo pameunganishwa na mtego uleule. Kifunge kivinjari chenyewe.

Mzee mmoja, mvuvi aliyestaafu, aliniletea simu yake baada ya sala ya Alasiri. Onyo la namna hiyo lilikuwa limemtaka apige nambari fulani, naye akaipiga. Aliyepokea alimwita "baba" kwa upole mwingi, kisha akamtaka nambari ya siri ya pesa za simu ili amsafishie virusi. Mzee alikuwa ameweka humo mchango wa harusi ya mjukuu wake. Kilichomwokoa ni mkewe, aliyekuwa akichambua mchicha kando yake, akamuuliza: "Daktari wa simu ataka ufunguo wa sanduku wa nini?" Alhamdulillahi, akakata simu.

Wanaofuata nyayo

Matangazo yenye kelele ndiyo yanayotuudhi, lakini yapo mambo ya kimya yanayotugusa zaidi. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni vidakuzi. Kidakuzi ni alama ndogo ambayo tovuti huiweka ndani ya kivinjari chako ili ikukumbuke ukirudi. Jambo lenyewe lina manufaa: bila hilo, ungelazimika kuingiza neno la siri upya kila unapogeuza ukurasa wa eCitizen.

Shida ni vidakuzi vya watu wa pembeni. Ukurasa mmoja wa habari waweza kubeba ndani yake vipande vya kampuni nyingi za matangazo, na kila kimoja kikaweka alama yake. Kampuni hiyohiyo imo katika tovuti nyingine kwa maelfu. Asubuhi ukisoma habari za kisukari, mchana bei ya godoro, usiku masuala ya talaka, yote matatu yajulikana kwa mtu mmoja usiyemjua. Suratul Hujurat yatukataza kupelelezana. Hapa upelelezi umekuwa biashara.

Safari, kivinjari cha simu za Apple, huvizuia vidakuzi hivyo vya pembeni tangu mwaka 2020, na Firefox huvifungia kila kimoja katika tovuti yake kisiweze kukufuata. Google iliahidi kwa miaka kuviondoa katika Chrome, kisha mwezi Julai 2024 ikatangaza kwamba imeacha mpango huo. Kwa hiyo mwenye Chrome hana budi kuvizuia mwenyewe, humohumo katika Mipangilio ya tovuti. Na tovuti ikikuuliza kama wakubali vidakuzi, usikimbilie Kubali vyote. Tafuta palipoandikwa Kataa.

Wengine hutegemea Hali fiche. Hiyo humficha mtu kwa anayeishika simu ileile baadaye. Haimfichi kwa tovuti anazozitembelea wala kwa kampuni inayomuuzia bando.

Mahali tusaliapo

Jambo lililonisukuma zaidi kuandika ni hili. Mwezi Novemba 2020, Motherboard, chombo cha habari cha Marekani, kilifichua kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla inayotumiwa na mamilioni ya Waislamu duniani, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode. Kampuni hiyo iliuza taarifa za namna hiyo, na miongoni mwa wateja wake wamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walitangaza kuvunja uhusiano na X-Mode. Mwezi Januari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliizuia kampuni iliyorithi X-Mode kuuza taarifa za watu katika mahali nyeti, zikiwemo hospitali na nyumba za ibada.

Kutumia simu kujua wakati wa sala si kosa. Lakini programu nyingi za sala hukuruhusu kuchagua mji kwa mkono. Andika Mombasa, na nyakati zake zatutosha sisi wa Waa. Programu ikishikilia kujua ulipo, mpe ruhusa ya wakati unapoitumia tu. Ama kibla, Makka iko takriban juu ya mstari uleule wa longitudo na pwani yetu, kwa hiyo kutoka Waa kibla ni kaskazini hasa. Wazee walilijua hilo hata neno kibula likatumika kwa maana ya kaskazini. Msikiti wa Kongo pale Diani ulielekezwa kibla karne nyingi kabla ya kurushwa setilaiti ya kwanza.

Haki tuliyo nayo

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 31, yampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo habari za familia yake zisitakwe wala kufichuliwa bila ya lazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaongeza kwamba aliyetoa idhini anaweza kuiondoa wakati wowote, na kwamba data za mtoto zahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Sheria hii ina meno. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huohuo kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kuyatumia majina na nambari za watu ilizozichukua kwa wengine, na kuwasumbua kwa ujumbe na simu. Anayeonewa anaweza kupeleka malalamiko katika ofisi hiyo.

Lakini sheria huja baada ya madhara, na mlango wa nyumba hufungwa na mwenye nyumba. Nawaomba wazazi watenge nusu saa wiki hii, baada ya Isha, wakae na watoto wao na simu zote za nyumbani. Wapitie orodha ya arifa, wafute programu zisizojulikana, na wazime ruhusa ya mahali kwa kila kisichoihitaji. Tusiende kwa ukali. Mtoto aliyekutana na picha mbaya bila kukusudia akikemewa, mara ya pili atanyamaza, na hapo ndipo hatari inapokua. Mwulizeni kwa upole alichokiona, na mumwonyeshe namna ya kukizuia. Mara nyingi yeye ndiye atakayewafundisha ninyi palipo kitufe, nanyi mtamfundisha ni nani wa kukaribishwa na ni nani wa kuambiwa arudi.

Wabillahi tawfiq.