Bango la Filamu Fupi ya Mwanafunzi

Mwanafunzi wa sanaa ya filamu akisha kuihariri kazi yake ya kuhitimu, aghalabu hudhani shughuli imekwisha, na yale yaliyosalia, yaani bango, muhtasari, kionjo na picha za kupelekea matamasha, huyafanya kwa usiku mmoja, kwa fedha iliyobakia na nguvu iliyochoka. Natija yake haijifichi: kazi iliyopigwa kwa tadbiri na ikhlasi hutangazwa kwa bango ambalo, lau lingeandikwa jina jingine, lingeifaa filamu yoyote nyingine. Sisi tunaosanifu mabango huletewa kazi za namna hii mara kwa mara, na karibu kila mara dawa inayotakiwa haimo katika kompyuta, kwani kasoro ilikwisha kuingia siku kamera zilipowashwa, na pengine kabla yake.

Yafaa kwanza kujua bango hili linamsemesha nani. Filamu fupi, ambayo kwa kanuni za Academy ya Marekani haizidi dakika 40 pamoja na orodha ya majina ya waliohusika, kwa desturi haikatiwi tiketi peke yake. Huonyeshwa pamoja na nyenzake kadhaa katika kikao kimoja cha tamasha, liwe ni lile la Zanzibar, Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoasisiwa mwaka 1997, au mojawapo ya mengine mengi ya dunia. Basi wanaolitazama bango ni mteuzi aliyeshinda kutwa akitazama filamu za watu, mhariri wa kitabu cha ratiba anayetafuta picha ya kujazia ukurasa, na mpita njia asiyejua aingie ukumbini au aende zake, na katika hao hakuna amjuaye mchezaji wako hata mmoja. Majalada ya filamu za Bongo yalijaa nyuso kubwa kubwa za wachezaji mashuhuri, na wanaoyacheka hawajui biashara, kwa maana mnunuzi aliyesimama kibandani aliinunua sura aliyoipenda. Lakini mwanafunzi anayeliiga jalada hilo, akapanga nyuso tatu za binamu zake zikitazama pande tatu, ameazima hoja isiyokuwa yake.

Mwenye kutaka kuona njia nyingine na azitazame kazi za Saul Bass wa Marekani. Mwaka 1955, kwa filamu The Man with the Golden Arm ya mwongozaji Otto Preminger, iliyohusu mtu aliyetekwa na madawa ya kulevya, Bass alichora mkono mmoja uliopindika na kuvunjikavunjika. Na ijapokuwa mchezaji mkuu alikuwa Frank Sinatra, na picha za wachezaji hazikuachwa nje, kinachokumbukwa hadi leo ni ule mkono. Miaka minne baadaye, kwa Anatomy of a Murder ya mwongozaji huyohuyo, alikata umbo la maiti vipande vipande, kama karatasi iliyopitiwa na mkasi, akaviacha vimelala mahali pake. Hamna kisa kilichosimuliwa pale, wala hapakuwa na haja. Kuna kitu kimoja tu, ambacho mtazamaji akisha kukiona hujiuliza kilifikaje katika hali ile.

Kitu hicho kimoja hupatikanaje? Hupatikana katika sentensi moja inayoieleza filamu, ambayo mtungaji anapaswa kuiandika kabla ya kufikiri rangi wala herufi, na ambayo ndani yake yumo mtu, limo jambo analolitaka au analoliogopa, na kimo kizuizi. Filamu Watu Wote ya mwaka 2017, aliyoiongoza Katja Benrath kuwa kazi ya kuhitimu katika Hamburg Media School ya Ujerumani, ikashinda katika tuzo za Academy za wanafunzi na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania Oscar, inaelezeka hivi: mwanamke Mkristo anayesafiri kwenda Mandera katika basi lililojaa abiria Waislamu, watu asiowaamini, anajikuta uhai wake umo mikononi mwao basi linapovamiwa na wanamgambo wa Al-Shabaab. Wengi wangeandika kwamba ni filamu kuhusu uvumilivu, upendo na matumaini, maneno ambayo ni ya haki yote lakini hayana basi, hayana barabara, hayana mtu, na mchoraji hawezi kuyachora.

Tuseme, kwa mfano, mwanafunzi ana filamu ya dakika 12, na sentensi yake ni hii: mjane wa Tanga anayedaiwa kodi ya nyumba anatakiwa aiuze cherehani ya marehemu mumewe kabla ya Ijumaa, na chini ya sindano yake ingalimo kanzu ambayo mzee hakuwahi kuimaliza. Bango limekwisha kujitaja lenyewe. Ni ile cherehani, sindano imezama katika shingo ya kanzu nyeupe iliyodariziwa nusu, mwanga wa dirisha ukiingia kwa ubavuni, na ukuta mtupu juu yake ndipo patakapokaa jina la filamu. Uso wa mjane hauna haja ya kuwepo. Mkono wake ukigusa ukingo wa meza, umetosha. Hapo mwanafunzi atashawishika kuliandika jina kwa herufi zinazofanana na nyuzi, na mimi humkataza, kwa kuwa herufi za nyuzi hazisomeki zikidogoshwa, na bango la siku hizi wengi huliona mara ya kwanza ndani ya simu ya kiganjani, likiwa na upana wa sentimita tatu hivi.

Sasa tufike penye kasoro niliyoitaja. Picha ile ya cherehani haipo, kwa sababu hakuna aliyeipiga, na mwanafunzi hudhani ataichomoa katika filamu yenyewe. Hesabu inamkatalia. Fremu ya video ya kawaida ina pikseli 1920 kwa 1080, na kwa kuwa chapa safi ya kusomwa kwa karibu hutaka vitone 300 katika kila inchi, fremu hiyo huchapika vyema kwa ukubwa wa sentimita 16 kwa 9 tu, ilhali bango la karatasi ya A3 linataka takriban pikseli 3508 kwa 4961. Fauka ya hayo fremu imelala na bango limesimama. Ukiikata ili isimame, kimo chote cha sentimita 42 kitategemea zile pikseli 1080, navyo ni vitone 65 tu kwa inchi. Tena kila penye mkono unaokwenda pana ukungu wa mwendo, ambao katika picha jongefu hupendeza macho na katika picha mnato huonekana ni uzembe. Kwa hiyo awepo mtu wa picha mnato tangu siku ya kwanza, asimame karibu na kamera kuu, na mwongozaji akisha kusema "kata" wachezaji wasiruhusiwe kutawanyika hadi naye amepata dakika yake. Na hao wahariri wa ratiba wapelekewe picha zilizolala pia, kila moja ikiwa na jina la aliyeipiga.

Ama ule mtungo wa majina yaliyobanwa kwa herufi nyembamba chini ya mabango ya Hollywood, haukubuniwa kuwa pambo. Mikataba ya huko huamuru nani atajwe na kwa ukubwa upi ukilinganishwa na jina la filamu, na herufi hurefushwa na kubanwa ili zitimize kipimo bila ya kula nafasi. Mwanafunzi hana mkataba huo. Jina la filamu, la mwongozaji na la chuo yatosha. Mashada ya majani ya ushindi nayo yawe mawili au matatu ya matamasha yenye heshima, kwani kumi na mawili ya matamasha yasiyojulikana humtia mteuzi shaka badala ya kumridhisha.

Kwa upande wa chapa, kioo cha kompyuta hung'aa kwa nuru na karatasi haing'ai, hivyo buluu kali na vivuli vya usiku hufifia au kumezwa na wino. Itolewe nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapwa zote, na pande zote ziachwe milimita tatu za ziada za kukatia. Kionjo nacho cha filamu ya dakika 12 kisizidi nusu dakika, kisifichue mwisho, wala kisipambwe kwa wimbo maarufu usioombewa idhini.

Walimu ninawasihi waingize bango na picha mnato katika bajeti na ratiba ya filamu tangu mwanzo, na mwanafunzi asipewe kamera kabla hajaileta ile sentensi yake moja pamoja na jina la atakayepiga picha mnato.