Kwa Nini Muuguzi Anapima Sukari Kila Saa



Tulipokwenda kumtazama mwenzetu wa kiwanda cha chai aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, jamaa zake walitukabili mlangoni. "Huyu hana kisukari, aliumizwa na mashine. Mbona wanamtoa damu kila saa kupima sukari?" Hatukuwa na jibu, tukaenda kuuliza.

Mwili ulioumia sana humwaga sukari nyingi katika damu, na insulini, ambayo kazi yake ni kuishusha, hukosa nguvu. Hata asiye na kisukari hupanda. Ikizidi mno, vidonda huchelewa kupona na uchafu huingia upesi. Kwa hiyo huongezewa insulini kwa mpira wa mshipani.

Lakini kushuka mno ni hatari zaidi, tena ya kimya. Sisi tukishikwa na njaa shambani tunatetemeka, jasho linatoka, tunasema. Yeye amelazwa kwa dawa ya usingizi na mpira wa hewa uko kooni. Ubongo unakosa chakula naye ametulia tu. Wa kumsemea ni muuguzi mwenye kipimo.

Waganga wenyewe walijifunza kwa gharama. Mwaka 2001 Greet Van den Berghe na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba kuibana sukari kati ya miligramu 80 na 110 kwa desilita kulipunguza vifo vya wagonjwa mahututi wa upasuaji. Hospitali nyingi zikafuata. Mwaka 2009 ukatoka uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 6,000, ulioongozwa kutoka Australia na New Zealand. Katika siku 90 waliobanwa hivyo walikufa asilimia 27.5, walioachwa hadi 180 walikufa asilimia 24.9. Sasa wengi hulenga 140 hadi 180.

Namba hizo zinataka mikono ya watu. Muuguzi mmoja alitueleza kwamba usiku huwa peke yake na wagonjwa wanne, na vijiti vya kupimia vikikaribia kwisha hathubutu kuongeza insulini, maana atashusha sukari asiyoiona. Hayo tumeyaandika katika madai yetu.

Tulirudi kwa mama wa mgonjwa tukamweleza. Akauliza kama anaweza kumletea uji. Tukamwambia, "Mama, mwulize muuguzi kwanza."