Daftari la malenga lililonusurika na moto

Kuna watu wanaoamini kwamba malenga hasa hafuti. Husema shairi la kweli humjia mtunzi likiwa limetimia, vina vyake na mizani yake, na kazi yake yeye ni kuliandika tu kabla halijamtoroka. Maneno haya nimeyasikia barazani tangu udogo wangu. Hata leo vijana huniletea mashairi yao niyasome, lakini nikiwauliza iko wapi karatasi ya kwanza, huona haya. "Nimeitupa," hunijibu, kana kwamba nimewauliza habari ya nguo chafu.

Leo nataka kuwajibu vijana hao kwa kisa cha mshairi wa mbali, Dylan Thomas wa Wales. Wengi waliosikia jina lake wanamjua kwa ulevi wake na kwa kufa kwake mapema. Mimi namtaja kwa sababu ya karatasi zake. Karatasi hizo zimetawanyika Uingereza na Marekani. Zimeuzwa, zimesahauliwa baa, zimepelekwa mahakamani, na daftari moja lilibakiza kidogo tu litiwe motoni. Ndani yake mna darasa ambalo hata diwani yake iliyopigwa chapa haina.

MTOTO WA MWALIMU

Dylan Thomas alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1914 katika mji wa bandari wa Swansea. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya wavulana mjini humo. Wazazi wake walikijua Kiwelisi, lakini mtoto walimlea kwa Kiingereza, na kwa lugha hiyo ndiyo alitunga maisha yake yote.

Wales ni nchi inayouheshimu ushairi. Kila mwaka hufanyika tamasha kubwa liitwalo Eisteddfod, na mshindi wa utungo wa bahari za kale hutuzwa kiti kilichochongwa kwa ufundi. Bahari hizo zina sheria kali za kulinganisha sauti ndani ya mshororo mmoja, sheria ambazo mtu wa Mombasa au Lamu hatazionea ajabu. Thomas hakutunga katika bahari hizo. Lakini ukizitazama rasimu zake utamwona mtu aliyepima mizani kama sonara anavyopima dhahabu.

Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 15, alianza kunakili mashairi yake katika madaftari ya shule na kuyatia tarehe. Madaftari manne ya miaka ile, ya kutoka 1930 mpaka 1934, yapo hadi leo, na ndani yake mna mashairi zaidi ya 200. Hayo ndiyo yaliyokuwa ghala yake. Alipotoa diwani yake ya kwanza mwaka 1934 na ya pili mwaka 1936, mengi ya mashairi aliyatoa humo. Miaka ilivyopita, aliendelea kurudi katika ghala ile na kutoa kilichoiva.

Chukua mfano wa shairi lake The Hunchback in the Park, linalomhusu kibiongo aliyeshinda peke yake katika bustani ya mji. Alilitunga mara ya kwanza mwaka 1932, akiwa kijana wa miaka 17. Halafu akaliacha. Mwaka 1941 akalifungua tena, akalipasua na kulijenga upya, na ndipo likawa shairi wanalolisoma watu sasa. Miaka tisa! Lau angaliona haya na utoto wake akalichana daftari lile, shairi hilo lisingalikuwako.

Mwaka huo huo wa 1941, wakati wa vita na dhiki, aliyauza madaftari hayo manne kwa mkono wa muuza vitabu wa London. Yalikwenda Chuo Kikuu cha Buffalo, katika jimbo la New York, kwa mkutubi aliyeitwa Charles Abbott. Bwana huyu alikuwa na wazo ambalo wakati ule lilikuwa geni: aliwaandikia washairi kuwaomba zile karatasi ambazo wao huzitupa. Alitaka kuona namna shairi linavyokua, si shairi lililokwisha vaa kanzu tu.

JASHO LA VINA

Kila mtunzi wa mwambao ajuaye taabu ya kina kilichogoma atazifahamu vizuri rasimu za utu uzima wa Thomas. Shairi lake mashuhuri Fern Hill, ambamo anakumbuka siku za utotoni katika shamba la shangazi yake, lina beti sita zenye mishororo tisa kila mmoja. Mizani za kila mshororo karibu zote zinalingana na za mshororo wa nafasi ile ile katika ubeti mwingine. Msomaji husoma likateleza kama maji. John Malcolm Brinnin, Mmarekani aliyemwalika kwenda kusoma mashairi yake Marekani, ameandika kwamba alionyeshwa nakala za shairi hilo zaidi ya 200. Kila Thomas alipobadili neno moja, alilinakili shairi zima upya tangu mwanzo, ili aone kama neno jipya linapatana na majirani zake.

La ajabu zaidi ni utangulizi alioutunga mwaka 1952 kwa ajili ya diwani yake kubwa. Una mishororo 102. Mshororo wa kwanza una kina kimoja na wa mwisho. Wa pili na ule wa 101. Wa tatu na ule wa 100. Na hivyo hivyo mpaka vina viwili vinakutana katikati, kwenye mshororo wa 51 na wa 52. Hakuna sikio linaloweza kukishika kina kilichosikika mishororo mia nyuma. Hata hivyo alijilazimisha, na karatasi za kazi hiyo, zilizo katika Chuo Kikuu cha Harvard, zapita 160. Pembeni mna orodha za maneno ya vina, yaliyopangwa, yakakatwa, yakapangwa tena.

Basi yule asemaye malenga hafuti, na azitazame karatasi hizo 160 kisha arudie usemi wake.

Tena rasimu zaweza kuokoa shairi ambalo mwenyewe hakuwahi kulimaliza. Baba yake alifariki Desemba 1952, naye akaanza kumtungia marthia. Mauti yalimkuta marthia ile haijaisha. Alifia New York tarehe 9 Novemba 1953, ana umri wa miaka 39, mwili umekwisha dhoofishwa na pombe. Karatasi za marthia hiyo zilikuwa zapata 60. Rafiki yake mshairi, Vernon Watkins, alikaa nazo, akaisoma mishororo iliyokatwa na iliyoachwa, akayaunga mawazo ya mwenziwe, na mwaka 1956 utungo huo ukachapishwa.

HIBA YA BAA

Sasa nije kwenye kisa kitakachowavutia wale wanaopenda mambo ya mirathi. Oktoba 1953, siku chache kabla ya safari yake ya mwisho ya Marekani, Thomas alipoteza mswada wa mkono wa mchezo wake wa redio, Under Milk Wood. Bahati njema, Douglas Cleverdon wa BBC alikuwa amekwisha uchapisha kwa taipu, akampa nakala. Kwa furaha, Thomas alimwambia kwamba akiuona mswada ule wa asili basi ni wake, na akamtajia baa kadhaa za London ambako huenda ameusahau. Cleverdon akazizungukia, na katika moja ya baa za mtaa wa Soho akaukuta.

Wiki chache baadaye Thomas akafa. Mchezo ulisikika redioni tarehe 25 Januari 1954 na ukapata sifa kubwa, na mswada ule ukawa mali ya thamani. Ulipokwisha uzwa, mjane wake, Caitlin, alidai mahakamani kwamba mswada ni haki ya warithi, kwani maneno ya mtu aliye njiani kusafiri si hati. Kesi iliamuliwa mwaka 1966. Jaji Plowman alisema ile ilikuwa zawadi halali: mwenyewe alitoa kwa hiari, na Cleverdon alipoutia mkononi kwa idhini yake, zawadi ilitimia.

Sisi tunaoijua hiba kama inavyoamuliwa kwa kadhi hatuna la kustaajabia hapo. Kutoa, kukubali na kukabidhi ndizo nguzo zake, na hapo zote tatu zilionekana. Lakini nina funzo jingine. Yule mjane hakuwa mjinga kudai. Karatasi alizokuwa akizifagia chini ya meza ya mumewe ziligeuka mali baada ya kufa kwake, na hapakuwa na wasia wala mashahidi wa kutosha kuzuia ugomvi. Mtunzi mwenye karatasi na aseme mapema nani atakuwa mwenyewe.

MTUMISHI NA TANURI

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha daftari la tano. Wanazuoni walijua madaftari manne ya Buffalo, basi. Kumbe katika miaka ya 1930 Thomas aliacha daftari jingine, la miaka ya 1934 na 1935, katika nyumba ya mama mkwe wake kusini mwa Uingereza. Siku moja mtumishi wa nyumba ile alipewa karatasi nyingi azitie katika tanuri la jikoni la kuchemshia maji. Yule mama akazichoma. Daftari moja halikumpa moyo wa kulichoma, akaliweka.

Alilisahau mpaka aliposikia habari za kifo cha mshairi. Akaandika kijikaratasi kueleza alivyolipata, akalitunza. Alipofariki, aila yake iliendelea kulihifadhi, limo ndani ya mfuko wa duka la Tesco, katika saraka. Mwaka 2014, mwaka wa mia tangu kuzaliwa kwa Thomas, lilitokea hadharani. Desemba mwaka huo liliuzwa katika mnada wa Sotheby's, London, kwa pauni 104,500, na mnunuzi alikuwa Chuo Kikuu cha Swansea. Daftari likarudi katika mji alikozaliwa mwenyewe. Ndani yake mna mashairi 16, yakiwamo yaliyo magumu kuliko yote aliyopata kutunga, na kufuta kwake na kubadili kwake kunawasaidia wasomaji kufahamu alikusudia nini.

Yule mtumishi hakuwa mwanachuoni, wala hakuna aliyemtuma kuhifadhi ushairi. Alizuia mkono wake mara moja, mbele ya moto.

SITARA NA ELIMU

Najua jawabu nitakalopewa. Mtu atasema: aibu ya maiti husitiriwa. Katika karatasi za Thomas hamna mashairi peke yake. Mna barua chungu nzima, na nyingi ni za kuomba pesa, kujikosha na kuahidi asiyoyatimiza. Paul Ferris alizikusanya na kuzichapisha mwaka 1985, na mtu akizisoma humwonea haya mwandishi.

Hoja hii ina uzito, na mimi siipuuzi. Barua ya siri ina wenyewe wawili, aliyeandika na aliyeandikiwa, na watoto wao baada yao. Ningependa barua kama hizo zikae kimya mpaka wote walioguswa watangulie. Lakini rasimu ya shairi si aibu. Mshororo uliokatwa ni kama tezo iliyoachwa kando ya jahazi: huonyesha kazi ilivyofanywa, nao wanafunzi hujifunza kwa kuitazama. Tusiuchanganye unyonge wa mtu na kazi ya mikono yake.

Mashairi ya Muyaka bin Haji yalitufikia kwa vifua vya watu wa Mombasa na kwa kalamu ya Mwalimu Sikujua, ambaye kazi yake ilipitia kwa kasisi Taylor, na diwani ikachapishwa mwaka 1940. Twashukuru. Lakini yalitufikia yakiwa yamekwisha timia. Jasho la Muyaka hatukuliona, na ndiyo maana ni wepesi wetu kudhani hakutoka jasho.

Watunzi walio hai leo hawana udhuru huo. Kijana anayetunga, na anunue daftari, atie tarehe kila shairi, na akikata neno alikate kwa mstari mmoja ili lisomeke chini yake. Anayeandika kwa simu asifute nakala ya kwanza kila anapopata ya pili. Na aliyerithi kasha la babu lenye karatasi za mkono, za hati ya Kiarabu au ya Kizungu, asiliamulie siku ya kusafisha nyumba kwa ajili ya harusi. Amwite ajuaye kuzisoma kwanza. Mchwa na moto havihitaji msaada wetu.