Cheti Kilichobaki kwa Fundi Fremu

Nilikwenda kukatiwa kioo cha dirisha tu. Nikaondoka baada ya saa mbili, kioo kimefungwa kwenye gazeti, na kichwani nina vyeti viwili ambavyo hadi leo havijanitoka.

Kibanda cha fundi kiko Morogoro mjini. Anatengeneza fremu za harusi, za mahafali, za marehemu. Na kila mwaka, Mei Mosi ikishapita, huanza msimu wake mdogo: vyeti vya mfanyakazi hodari.

Cheti cha kwanza kilikuwa mezani, kimetolewa kwenye fremu yake ya zamani. Mchwa walikuwa wameila mbao ya chini wakaonja na pembe moja ya karatasi. Juu kuna jina la JUWATA, Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, kwa hiyo kina umri wa kutosha: jumuiya hiyo iliipisha OTTU mwaka 1991. Karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa, isipokuwa ukanda mwembamba pembeni uliokuwa umefichwa na fremu, ambao bado ni mweupe. Maneno yamepigwa kwa taipureta, na herufi "a" imeziba wino kila inapotokea. Mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Chini ya jina lake mtu ameongeza kwa kalamu ya wino wa bluu, mwandiko wa kulala: "Hakukosa zamu ya usiku mwaka mzima. Amewafundisha wenzake wanne kuunga uzi uliokatika bila kuzima mashine. Zawadi: redio moja."

Niliyasoma maneno hayo mara tatu. Mzee huyo sikuwahi kumwona, lakini sasa nilijua kazini alikuwa nani.

Cheti cha pili kilikuwa ukutani, ndani ya fremu mpya ya rangi ya dhahabu. Karatasi nzito, inang'aa. Nembo ya rangi tatu, sahihi iliyochapwa. "Kwa kutambua utendaji wako uliotukuka." Basi. Ukifuta jina lililopo ukaandika la dereva, la muuguzi au la mhasibu, hakuna kitakachoharibika.

"Hicho mwenyewe hakuja kukichukua," fundi aliniambia, akipuliza vumbi la mbao mezani. "Ni kijana. Nimempigia simu, akaniambia, 'Shikamoo mzee, mimi nimeshahamia Dodoma, nimepata kazi nyingine. Kitunze tu.' Nikamuuliza, sasa fremu uliiagiza ya nini? Akasema bosi ndiye aliyetaka, kipendeze kwenye picha."

Nikadakia kwamba vijana wa siku hizi hawajali heshima. Fundi akanikata.

"Usiwaonee, mwanangu. Kijana akipewa cheti, kwanza anakwenda steshenari pale ng'ambo anakiskani. Jioni kiko stetasi. Wiki inayofuata amekiambatanisha kwenye maombi ya kazi. Mzee alikitundika sebuleni ili mgeni akiingia akione. Kijana anakituma kwa tajiri ambaye hajawahi kumwona. Wote wawili wanakitumia. Tofauti ni kwamba mzee alileta hela kwangu, kijana anapeleka steshenari."

Alicheka, kisha akawa mzito. Anawajua vijana wa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, waliopanga chumba kimoja. "Ukute mtu hajui mwezi wa saba atakuwa wapi. Msumari wa cheti ataupigilia ukuta gani?" Wazee waliomletea kazi zamani walikuwa wakihesabu miaka hadi kustaafu palepale walipoanzia.

Enzi hizo hakutaka zipambwe pia. Redio, alisema, miaka ile ya bidhaa adimu haikuwa kitu cha kuingia dukani ukachagua. "Usidhani walifurahia karatasi peke yake. Redio ililia mtaa mzima." Hata Mei Mosi ya 2025 kule Singida, habari iliyobebwa hadi nyumbani ilikuwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Pongezi haijawahi kununua unga, kwa babu wala kwa mjukuu.

Kinachomuudhi fundi ni uhodari wa zamu. Wateja humsimulia wenyewe wakisubiri gundi ikauke: mwaka jana alipewa fulani, mwaka huu tukasema apewe fulani, naye apate. "Aliyepewa anajua. Wenzake wanajua. Mtu wa namna hiyo haniulizi hata bei ya kioo kizuri. Anasema weka chochote."

Hapo ndipo palipoanza kunikera. Utumishi wa umma umeziacha fomu za OPRAS za kupima utendaji kazi na kuhamia PEPMIS, mfumo wa kielektroniki ambamo mtumishi hujaza majukumu yake na utekelezaji wake. Kumbukumbu za kazi ya mtu hazijawahi kuwa karibu kiasi hiki. Inakuwaje basi karatasi ya mwisho, ile anayopanda nayo jukwaani, isiseme hata jambo moja alilolifanya?

Nilimuuliza fundi kama yule kijana angekifuata cheti chake iwapo kingeandikwa kama cha mzee. Alifikiri kwa muda. "Sijui. Labda angehama vilevile. Mshahara ni mshahara. Lakini nadhani angetuma nauli nimpakilie kwenye basi."

Na nani aliyeshika ile kalamu ya bluu? Fundi anahisi ni msimamizi wa zamu, kwa sababu mkubwa wa ofisini asingejua habari za uzi uliokatika. Mjukuu wa mzee, aliyekileta cheti, hajui. Babu yake hayupo tena wa kuulizwa. Alichoagiza mjukuu ni fremu mpya tu, na ile pembe iliyoliwa isikatwe.

Cha dhahabu bado kiko ukutani, na fundi hana moyo wa kukichomoa ili auze fremu.

Wewe mkuu wa idara unayesoma gazeti hili leo: Mei Mosi ijayo, kabla orodha ya majina haijakwenda kwa mchapaji, waulize wanaofanya kazi bega kwa bega na kila mmoja, alifanya nini. Kisha andika mstari mmoja chini ya jina lake. Kalamu ya bluu inatosha.